Soketi ziko, chaji iko wapi? Kwenda Makunduchi kwa pikipiki ya umeme

Kitogani, Unguja, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanywa Makunduchi. Barabara inagawika pale: kushoto unakwenda Paje, kulia unakwenda Makunduchi. Nilisimama kivulini, nikavua helmeti, nikakitazama kipima chaji. Mjini nilitoka na vijiti vitano. Vimebaki viwili, na kimoja kinapepesa. Nimeshakwenda kama kilomita 40, na mbele zipo ishirini na kitu.

Kilichoniudhi ni kwamba wiki moja kabla nilikwenda Mkokotoni, masafa karibu yale yale, nikafika na vijiti vinne. Pikipiki ile ile, betri ile ile, dereva yule yule na kitambi chake.

Kando ya njia pana duka la mzee mmoja: mchele, mafuta ya taa, soda, na bati la kuchajia simu lenye nyaya zimening'inia kama pweza. Nikasogea.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Unakwenda Mwaka?"

"Nakwenda, lakini chaji imeniishia. Naomba nichomeke hapa kidogo, nitalipa."

Akaitazama ile vespa. Kwetu chochote chenye magurudumu mawili kisichokuwa baskeli ni vespa, ikiwa na injini au haina. Akaizunguka, akagusa kiti, kisha akauliza: "Inakula uniti ngapi hiyo?"

Nimeulizwa mengi tangu niinunue. Vijana wa Darajani huuliza inakimbia kiasi gani. Wenzangu kazini huuliza vituo vya chaji viko wapi. Mwenye duka wa Kitogani ndiye wa kwanza kuuliza swali lenyewe, na makala hii yote ni jibu la swali lake, kwa urefu kuliko nilivyomjibu siku ile. Siku ile nilimwambia: "Inakula kama pasi." Akaingia ndani, akarudi: "Tukuza ina sita nukta nne. Chomeka." Tukuza ndiyo mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, na hizo ni uniti zilizobaki.

Tuanze na uniti, maana bila ya hizo mengine yote ni maneno matupu. Uniti moja unayonunua kwenye Tukuza ni kilowati-saa moja: kitu cha wati 1,000 kikiwashwa saa nzima kimekula uniti moja. Betri ya pikipiki yangu imeandikwa volti 72, ampea-saa 40. Zidisha: wati-saa 2,880, yaani uniti tatu kasoro kidogo. Ndilo tangi langu zima. Haifai kuikausha betri mpaka mwisho, kwa hiyo ukiacha akiba ya sehemu moja kati ya tano, zinabaki kama uniti mbili na thuluthi za kutumia.

Sasa hizo zinakupeleka wapi? Pikipiki ndogo yenye mtu mmoja, mwendo wa kilomita 45 kwa saa, siku tulivu isiyo na upepo, hula wati-saa kama 30 kwa kilomita. Kwa hesabu hiyo unakwenda kilomita 75 na zaidi bila kugusa akiba. Unguja ina urefu wa kilomita 85 tu kutoka ncha hadi ncha. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kama 60, hadi Makunduchi kama 65. Kwenye karatasi unafika kokote.

Ndipo watu wanapojidanganya. Kwetu hakuna safari ndefu ya upande mmoja, kuna safari ya kwenda na kurudi. Anayekwenda Nungwi asubuhi anataka kulala kwake Magomeni, hapa hapa Mjini, usiku, na hiyo ni kilomita 120. Kwa hiyo swali la chaji hapa halifanani na la mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, anayehitaji kituo kila baada ya masafa fulani kwenye njia kuu. Sisi tunahitaji chaji pale tunapofikia, na muda wa kuipata kabla ya kugeuza. Ukilielewa hilo, nusu ya mjadala wa vituo inakwisha. Nusu ya pili ina ugomvi wake.

Nirudi kwenye vijiti vyangu viwili. Kilichovila ni kusi, upepo wa kusini.

Upepo unaokuzuia ukiwa juu ya pikipiki haupandi sawasawa na mwendo, unapanda kwa mraba wake. Kutoka 45 hadi 65 mwendo umeongezeka kwa chini ya nusu, lakini nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma imezidi maradufu. Na upepo haujali kama wewe ndiye unayeufuata au wenyewe ndio unaokujia. Ukienda 45 huku kusi inavuma 20 usoni mwako, kwa betri ni kama unakimbia 65 siku shwari. Ulaji unapanda kutoka wati-saa 30 hadi karibu 50 kwa kilomita, na zile kilomita 75 zinaporomoka hadi 45 hivi. Julai kusi imekaa, inatoka kusini, na Makunduchi iko kusini. Mkokotoni iko kaskazini, ndiyo maana wiki iliyotangulia nilisukumwa mgongoni kama jahazi nikajiona nina betri ya ajabu.

Mabaharia wa visiwa hivi walipanga mwaka mzima kwa kaskazi na kusi, na mimi nikatoka nyumbani bila hata kutazama majani ya mnazi. Tangu siku hiyo nina utaratibu: msimu wa kusi, Makunduchi na Kizimkazi ndiyo safari ghali ya kwenda, Nungwi ndiyo ghali ya kurudi. Msimu wa kaskazi, kinyume chake. Na ukiweza kuchagua, bora upepo mbaya uupate wakati wa kwenda, betri ikiwa imejaa. Upepo wa usoni wakati wa kurudi, jioni, kiza kinaingia na vijiti vimekwisha, ndio unaowafanya watu wasukume vespa kwa mikono kutoka Mahonda.

Pemba je? Watu husema: Pemba vilima, huko pikipiki ya umeme haiwezi. Nilikuwa naamini hivyo mpaka nilipokaa na kalamu. Kupandisha pikipiki na mtu wake, jumla kilo 200, mita 100 juu kunahitaji wati-saa 54, tuseme 65 pamoja na zinazopotea njiani. Hiyo ni nishati ya kwenda kilomita mbili tu kwenye tambarare. Na mita 100 za kupanda ni nyingi. Vilima vya Pemba ni vifupi, vinakuja kimoja baada ya kingine. Ukijumlisha mipando yote ya kutoka Mkoani hadi Chake ukapata mita 400, umepoteza kilomita nane au tisa za masafa, na sehemu yake unairudisha ukishuka kwa sababu mteremkoni injini hailipi kitu. Ubaya wa kilima uko kwingine: injini ndogo iliyowekwa ndani ya gurudumu inapata joto ikipanda polepole na abiria nyuma, na injini iliyopata joto hupunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Kwa betri lakini, nusu saa ya kusi usoni ina hasara kubwa kuliko vilima vyote vya Mkoani. Na kisiwa chenyewe ni kidogo: kutoka bandari ya Mkoani hadi Ras Kigomasha, barabara yote haifiki kilomita 100.

Haya, kituo cha chaji.

Shida kubwa ya neno hili ni kwamba linabeba vitu vitatu visivyofanana hata kidogo, na mtu akiuliza "viko vingapi Zanzibar?" lazima kwanza umuulize anakusudia kipi.

Cha kwanza ni soketi, hii hii ya matundu matatu iliyoko ukutani kwako, urithi wa Muingereza. Inatoa volti 230, ampea zisizozidi 13, yaani kama kilowati tatu. Chaja yangu inavuta wati 850 tu, chini ya thuluthi ya uwezo wake. Birika la umeme linaitesa soketi kuliko pikipiki yangu. Kuanzia sifuri hadi kujaa ni kama saa nne.

Cha pili ni nguzo ya magari, zile zenye waya mnene na plagi kubwa ya duara. Hizi zipo za aina mbili. Moja inatoa umeme wa kawaida, mara nyingi kilowati 7 hivi, na gari ndilo linalobeba chaja ndani yake. Nyingine, ya haraka, ina chaja humo humo kwenye nguzo na inasukuma umeme mnyoofu (DC) moja kwa moja kwenye betri, kilowati 50 na kuendelea. Mwenye pikipiki ndogo akiona nguzo kama hiyo moyo humpiga, akadhani ameokoka. Hakuokoka. Plagi yake haiingii. Na hata akipata adapta, nguzo haitoi umeme mpaka "izungumze" na chombo kilichochomekwa. Kuna nyaya ndogo ndani ya plagi zinazopeleka ishara ya kwamba hapa pana gari na liko tayari. Chaja ya pikipiki haijui lugha hiyo, na nguzo ikinyamaziwa nayo hunyamaza.

Tuseme ukapata adapta inayoigiza ishara ile. Umechomeka kwenye nguzo ya kilowati 7. Utajaza kwa muda gani? Saa nne vile vile, kwa sababu kasi haiamuliwi na nguzo bali na chaja, na chaja yako ni ya wati 850. Kipimo kidogo hakiteki zaidi ya ujazo wake, hata ukichovya baharini. Hili ndilo jambo moja ambalo ningependa kila anayetaka kununua alielewe kabla ya kutoa pesa: soma kilichoandikwa kwenye chaja, si kwenye tangazo.

Zipo pikipiki zinazokubali nguzo ya haraka. LiveWire ya Harley-Davidson, iliyoingia sokoni 2019, ina plagi ya gari na hujaa asilimia 80 kwa dakika 40. Lakini betri yake ni ya uniti 15 na zaidi, mara tano ya yangu, na bei yake tuiache. Mwaka huo huo wa 2019 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman waliziendesha kutoka Ushuaia, ncha ya Argentina, hadi Los Angeles, na kampuni ya Rivian iliwawekea chaja njiani. Pamoja na yote hayo, kuna siku waliishia kuchomeka kwenye soketi za walikolala na kungoja, kama mimi Kitogani.

Kwa nini pikipiki zetu ndogo zisipewe chaja kali tu, mtu ajaze kwa robo saa? Fanya hesabu. Kilomita 60 za mwendo wa kawaida, ukitia na upepo kidogo, ni uniti 2.4. Kuziingiza kwa dakika 15 unahitaji kilowati karibu 10, soketi tatu za nyumbani kwa mpigo na bado. Na betri ya ampea-saa 40 itasukumiwa ampea zaidi ya 120, mara tatu ya ukubwa wake. Betri nyingi za bei yetu hazikutengenezwa kwa hilo. Zitachemka, na betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa na joto. Ndiyo maana hata kwenye soketi ya kawaida, ukifika mchana wa jua kali baada ya mwendo mrefu, inafaa uiache ipoe kivulini nusu saa kwanza. Zile za bei ya chini zaidi zina betri za risasi, kama ile ya gari la petroli, sita zimepangwa chini ya kiti, kilo 60 kwa jumla, na hizo hutaka usiku mzima. Ukizikausha mara kwa mara zinakufa mapema. Ya risasi ni ya kwenda sokoni na kurudi, basi.

Cha tatu ni kabati la kubadilishia betri. Unafika, unachomoa betri iliyokwisha, unaitia kwenye tundu, tundu jingine linafunguka na betri iliyojaa, unaondoka. Dakika mbili. Taiwan, kampuni ya Gogoro ilianza hivyo 2015 na sasa ina vituo zaidi ya 2,000. Kigali, Ampersand inawafanyia hivyo madereva wa pikipiki za abiria tangu 2019, na imeingia Nairobi. Betri si yako, ya kampuni. Wewe unalipia nishati uliyotumia.

Kwa bodaboda hii ndiyo dawa, na sioni nyingine. Bodaboda wa Mwanakwerekwe hawezi kukaa saa nne chini ya mti akiisikilizia chaja, atakula nini? Lakini kwa msafiri kabati lina kamba. Betri lazima iwe ya umbo lile lile, ya kampuni ile ile, kwa hiyo umenunua pikipiki na umenunua ramani pamoja: unakwenda pale makabati yalipo. Kuna na hesabu ya matundu. Betri moja ikitaka saa nne kujaa, tundu moja linahudumia watu sita kwa siku. Kabati la matundu 12 pale Kinyasini lingehudumia watu 72, wakija kwa zamu kistaarabu. Sikukuu ya Idi hawaji kwa zamu. Wote wanakwenda upande mmoja saa moja ile ile, na wa kumi na tatu anakuta betri nusu.

Ile pikipiki aina ya Roam Air iliyotoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2024, kama kilomita 6,000, ilitatua yote haya kwa njia moja: ilisindikizwa na gari lenye paneli za sola. Walibeba kituo chao. Mwenye uwezo wa kusindikizwa na gari la sola hadi Makunduchi anijulishe.

Wapo wanaouliza kama umeme wetu utahimili. Swali la haki, kwa nchi ambayo umeme wake unakuja chini ya bahari. Unguja inalishwa na waya kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba. Wa kwanza ulitandikwa 1980 wa megawati 45, wa pili ulikuja 2013 wa megawati 100. Pemba ilikuwa kwa majenereta mpaka 2010 ilipounganishwa na Tanga. Nani amesahau mwezi mzima wa kiza wa 2008, au ile miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipojifunza upya kuchota maji kwa ndoo? Lakini tazama ukubwa wa mzigo. Pikipiki elfu moja zikichajiwa kwa pamoja, kila moja wati 850, hazifiki megawati moja. Nguzo moja ya haraka ya gari, ya kilowati 50, inavuta sawa na pikipiki 58. Transfoma ya kijiji ya kilovolti-ampea 100 itazibeba pikipiki ishirini bila kulalamika; nguzo moja kama hiyo itaimaliza nusu. Shida ya shamba ni nyingine, umeme mdogo. Mwisho wa laini, wakati wa magharibi, kila nyumba imewasha feni na televisheni, volti zinashuka, na chaja nyingi zikiona volti hazitoshi hujizima kimya kimya. Unalala ukiamini unachaji, unaamka na vijiti vile vile. Ukichomeka kijijini, rudi baada ya dakika kumi uangalie taa.

Kwa hiyo umeme upo, soketi ziko kila penye nyumba, na pikipiki yenyewe haina makuu. Kinachokosekana kiko kwa mtu mwingine aliye katika habari hii, naye ni mwenye mita.

Tukuza imemfundisha kila mtu kuuona umeme ukipungua kwa macho yake. Zamani bili ilikuja mwisho wa mwezi, leo mwenye duka anaona 6.4 ikiwa 6.2. Mgeni akichomeka, si kwamba mwenyeji ni bakhili, hajui tu atatoza vipi. Mzee wa Kitogani alikuwa na kipimo kimoja, cha simu, bei ya kutwa. Tulikubaliana kwa saa. Nililipa, nikashukuru, lakini kwa saa si haki, na anayepunjika ni mwenye pikipiki. Betri ya lithiamu hupokea kwa nguvu mpaka karibu asilimia 80, halafu hujinywesha kidogo kidogo. Saa ya kwanza umepata robo ya betri na zaidi, saa ya mwisho umepata kijiko. Ukilipa kwa saa, chomoa mapema. Dawa hasa ni kijimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachoonyesha uniti zilizopita. Ninacho mfukoni sasa, na mazungumzo yamekuwa mafupi sana.

Wengine hunambia: chomeka msikitini, soketi zipo na mlango uko wazi. Siwezi. Umeme ule ni wa sadaka za watu, na aliyetoa uniti kwa ajili ya feni na spika hakuzitoa kwa ajili ya safari yangu ya matembezi. Ukimuomba imamu na ukaweka zaidi ya ulichotumia, hilo ni jambo jingine. Kwenye hoteli, ukiona alama ya chaji kwenye ramani ya simu, piga kwanza: alama ile huwa haisemi kama ni ya wote au ya waliolala humo tu, na mlinzi wa getini ndiye atakayekueleza tofauti, ukiwa umeshafika na kijiti kimoja.

Sasa niseme ninavyoona mimi. Tunaposikia "vituo vya chaji" tunawaza sheli, kitu cha kando ya barabara chenye taa na bango. Sheli imewekwa kando ya barabara kwa sababu petroli hujazwa kwa dakika tatu na haifai kukaa jikoni. Umeme una tabia nyingine. Hujazwa polepole na uko kila mahali, kwa hiyo mahali pake ni pale chombo kinapolala. Fikiria wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Paje na Bwejuu wanaotoka Mjini au Fuoni kila siku. Vespa zao zinasimama jua la mchana saa nane nzima. Chaja ya wati 850 kwa saa nane ingejaza betri mara mbili. Wale hawahitaji nguzo wala adapta, wala waziri aje kukata utepe. Wanahitaji banda la makuti, soketi kumi zilizofunikwa zisipate mvua na chumvi, waya wa athi (wa kuingia ardhini) uliofungwa na fundi anayejua kazi, breka inayokata umeme ukivuja, na kijimita kwa kila soketi. Vivyo hivyo bandarini Mkoani na Wete, ambako watu huacha vyombo vyao siku nzima wakisafiri, na kwenye skuli, hospitali, na soko la Chake.

Chumvi nimeitaja na sitaki ipite hivi hivi. Pwani yetu inakula shaba. Plagi iliyoachwa wazi Jambiani mwezi mmoja inaota ukungu wa kijani, mguso unakuwa mbovu, unapata joto, plastiki inayeyuka. Nimeshaiona iliyoyeyuka. Na ekstensheni iliyozungushwa kama kamba ya ndoo, ikavuta umeme saa nne, hupata joto katikati ya mzunguko. Ikunjue yote, hata kama itapita katikati ya duka la mtu.

Siku ile Kitogani nilikaa saa moja na nusu. Mzee alizima feni, akaketi nje na mimi, tukawa tunayatazama magari ya abiria wa Mwaka yakipita na ngoma. Mita ilishuka kutoka 6.4 hadi 5.0, na najua si zote zilikuwa zangu, kwa sababu friji ya soda iliwaka mara mbili tukiwa pale. Nilifika Makunduchi kibanda kimeshachomwa, wanawake wanaimba kuelekea pwani. Nikachomeka kwa jamaa, nikala, na saa kumi nikageuza na kusi mgongoni. Mjini niliingia na vijiti vitatu.

Mwezi uliofuata nilipita tena pale kwenda Paje. Kwenye lile bati la simu pameongezwa ubao wa boksi la biskuti, maandishi ya kalamu nene: CHAJI SIMU 500. VESPA TUZUNGUMZE.